Jinsi ya Kuamua Kama Filamu ya Makuzi Inastahili Sifa Zake

Filamu ya Boyhood ilipotoka mwaka 2014, wahakiki wa Marekani na Ulaya waliipokea kwa sifa ambazo ni nadra kazi moja kupewa na watu wengi kiasi hicho. Mwongozaji wake, Richard Linklater, alipata tuzo ya mwongozaji bora katika tamasha la Berlin mwaka huohuo, na mwaka 2016 kura ya wahakiki iliyoendeshwa na BBC iliiweka katika nafasi ya 5 miongoni mwa filamu bora za karne hii. Sisi tuliitazama baadaye sana hapa Kisumu, katika chumba cha kukodi karibu na Kondele ambamo walimu wachache na vijana waliomaliza shule hukutana Jumamosi kutazama filamu na kuzijadili. Taa zilipowashwa, mwalimu mwenzangu alisema kwamba hajawahi kuona kazi bora kuliko hiyo, na binti mmoja wa miaka 18 akasema, kwa adabu kabisa, kwamba alikuwa amesubiri karibu saa 3 jambo litokee na halikutokea. Tulibishana hadi mwenye chumba akaja kufunga. Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu kidogo, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwemo, aliyeweza kueleza msingi wa kauli yake.

Mwongozo huu umetokana na jioni hiyo. Unahusu filamu za makuzi, yaani zile zinazomfuata mtoto au kijana anapovuka kuingia utu uzima, na natumia Boyhood kama mfano kwa sababu ndiyo iliyonifundisha njia hii. Nitataja yaliyomo ndani yake bila kuyaficha, kwa hiyo anayetaka kuitazama akiwa hajui lolote aanze na filamu, kisha arudi hapa.

Chambua sifa kabla ya kutazama

Chukua karatasi uandike sifa zote ulizosikia kuhusu filamu, kila moja kwa sentensi yako mwenyewe, kisha ujiulize kila sifa inasifu nini hasa. Utaona kwamba nyingi zinasifu jasho la watengenezaji. Boyhood husifiwa kwanza kwa sababu ilipigwa picha kwa vipindi vifupi kati ya mwaka 2002 na 2013, waigizaji walewale wakirudi mwaka baada ya mwaka, hivi kwamba Ellar Coltrane, anayemwigiza Mason, anaanza akiwa mtoto mdogo wa shule na kumaliza akiwa kijana anayeingia chuoni. Huo ni uvumilivu wa kustaajabisha, nami namheshimu kila aliyeshiriki. Hata hivyo, mama anayenunua mbuta pale Dunga haulizi mvuvi alikesha saa ngapi ziwani. Humgeuza samaki, akafunua matamvua, akatazama jicho, ndipo akataja bei.

Sifa ya jasho inahitaji maswali 2. La kwanza ni kama ni ya kweli. Husemwa kwamba hakuna aliyewahi kumfuata mtoto kwa kamera kwa muda mrefu namna hiyo, na kauli hiyo si sahihi: nchini Uingereza, tangu mwaka 1964, kumekuwa na mfululizo wa filamu za hali halisi uliowarudia watoto walewale kila baada ya miaka 7 hadi wakawa wazee, na nchini Ufaransa François Truffaut alimtumia mwigizaji mmoja, Jean-Pierre Léaud, kwa mhusika mmoja kuanzia mwaka 1959 hadi 1979. Kilicho kipya katika Boyhood ni kuikusanya miaka hiyo yote ndani ya filamu moja ya kubuni inayotazamwa kwa kikao kimoja. Sifa ikisemwa hivyo nitaikubali.

Swali la pili ndilo zito zaidi: jasho hilo limeleta nini kwenye skrini ambacho kisingepatikana kwa njia rahisi? Iwazie filamu ileile ikiwa na watoto 3 tofauti wanaomwigiza Mason katika umri mbalimbali, kama inavyofanywa katika filamu nyingi. Msuko ungebaki, na mazungumzo yangebaki. Kitu ambacho kingepotea ni kile kinachotokea kati ya onyesho na onyesho. Filamu hii haiandiki mwaka popote, wala hakuna sauti inayotuambia kwamba muda umepita. Onyesho linakatwa, linalofuata linamleta Mason akiwa na shingo ndefu zaidi na sauti iliyovunjika, nawe unashtuka kama shangazi anayekuja mara moja kwa mwaka wakati wa Krismasi, akakuta mtoto aliyekuwa akimbeba mgongoni sasa amemfikia bega. Waigizaji 3 wangetufanya tuukubali ukuaji huo kwa akili tu. Mwigizaji mmoja anatufanya tujisikie tumeukosa. Kwa sababu hiyo naona kwamba sifa ya miaka 12 ni ya haki pale muda unapokatwa, na kwamba sehemu kubwa ya sifa hiyo ingeelekezwa kwa mhariri, Sandra Adair, ambaye jina lake halikutajwa hata mara moja jioni ile. Katika maonyesho marefu ya mazungumzo, miaka hiyo haiongezi chochote.

Kutazama mara ya kwanza

Hapa sina mengi. Filamu ina dakika 165. Itazame yote kwa kikao kimoja, bila kuandika na bila simu mkononi, na uchague wakati ambao umeme si wa kubahatisha. Epuka nakala zile za vibanda vya video zilizowekewa sauti ya msimulizi anayeongea juu ya waigizaji. Msimulizi hodari ana sanaa yake na nimekua nikiipenda, lakini ataujaza ukimya, na filamu za makuzi huweka mambo yake makubwa katika ukimya.

Mara ya pili, hesabu maamuzi

Gawa karatasi katika sehemu 2. Upande mmoja andika yale ambayo mhusika ameamuliwa na wengine, upande wa pili yale aliyoyaamua mwenyewe, na mbele ya kila uamuzi wake andika alilipa nini kwa ajili yake. Nasisitiza hatua hii kuliko nyingine zote, kwa sababu utu uzima hauonekani katika ndevu wala katika maneno mazito. Huonekana pale mtu anapochagua akijua kuna hasara na akaibeba.

Katika nusu ya kwanza ya Boyhood, upande wa kuamuliwa unajaa haraka. Mama anaamua kuhama ili arudi kusoma, na Mason anakabidhiwa brashi ya rangi kuisafisha nyumba wanayoiacha, akafika kwenye mwimo wa mlango ambapo urefu wa watoto ulikuwa umewekewa alama mwaka hadi mwaka, akaufuta kwa rangi. Mama anaolewa na mwalimu wake wa chuo, na mume huyo, ambaye ni mlevi, anampeleka mvulana kunyolewa nywele kwa nguvu. Baadhi ya watazamaji hulalamika kwamba Mason ni mhusika aliyezubaa, anayetendewa tu. Kwa nusu hii siwaungi mkono. Mtoto wa miaka 8 hana uwezo wa kuamua wapi ataishi wala nani ataitwa baba, na filamu inayompa mtoto huyo ushujaa wa kubadilisha mambo ya watu wazima huwa inawafurahisha watu wazima wenyewe.

Onyesho linalothibitisha uaminifu huo ni lile la kumkimbia baba wa kambo. Mama anakuja kuwachukua Mason na dada yake, wakati watoto wa mume yule, ambao kwa miaka kadhaa wamelala nao nyumba moja na kucheza nao, wanaachwa nyuma kwa sababu mama huyo si mlezi wao kisheria. Watoto wanauliza itakuwaje kwa wenzao. Filamu haiwarudii tena kamwe. Mara ya kwanza nililiona hilo kuwa kosa la mwandishi aliyesahau wahusika wake. Mara ya pili nikaelewa kwamba mtoto anayehamishwa ghafla hapewi nafasi ya kujua mwisho wa hadithi ya wengine, na kwamba kutuambia yaliyowapata kungekuwa ni kutupa ujuzi ambao Mason hana.

Nusu ya pili ndiyo inayonitatiza. Sasa Mason ana miaka 16, kisha 18, na upande wa maamuzi ungepaswa kujaa. Anachagua upigaji picha, na hilo ni la kweli na linaonyeshwa vizuri, hasa mwalimu anapomkemea ndani ya chumba cha giza kwamba kipaji bila bidii hakimfikishi mtu popote. Lakini ukitazama safu ya gharama utaikuta karibu tupu. Anaongea kwa muda mrefu kuhusu maisha, simu na mitandao, na filamu inamsikiliza kwa heshima ambayo bado hajaifanyia kazi. Binti wa miaka 18 aliyesema kwamba hakuna kilichotokea alikuwa akiigusa sehemu hii, ingawa aliitaja kama kosa la filamu nzima.

Wafuate walio pembeni

Filamu ya makuzi humweka mtu mmoja katikati, kwa hiyo ubora wake hupimwa vyema kwa jinsi inavyowatendea waliobaki. Chagua wahusika 3 wa pembeni, utazame tena maonyesho yao tu, ukiuliza kama kila mmoja ana maisha yanayoendelea mhusika mkuu akiondoka chumbani.

Dada, Samantha, ana maisha hayo mwanzoni, kisha anafifia hadi anakuwa mtu wa kupita. Baba, anayeigizwa na Ethan Hawke, anayo hadi mwisho: anaanza akiwa mzazi wa wikendi mwenye gari la fahari, na siku moja Mason anagundua kwamba gari alilodhani ameahidiwa limeuzwa. Hakuna ugomvi mkubwa, ila unaona mtu mzima akikua mbele ya mtoto wake, na mtoto akilipia sehemu ya ukuaji huo.

Kisha kuna kijana wa Kilatino anayefanya kazi nyumbani kwa mama. Mama anamwambia kwa kifupi kwamba ana akili na anapaswa kusoma. Miaka inapita, familia iko mkahawani, na kijana huyo anatokea akiwa meneja, anamshukuru mama mbele ya watoto wake kwa kuyabadilisha maisha yake kwa maneno yale. Onyesho hili nalikataa kabisa. Nimefundisha vijana wa mji huu kwa miaka mingi, na kila aliyepanda kutoka kibarua hadi kazi ya heshima nyuma yake kuna karo iliyolipwa kwa mkopo wa chama, kaka aliyeacha shule ili mdogo wake aendelee, na usiku wa kusoma baada ya kutwa nzima ya kubeba matofali. Filamu inayotumia saa karibu 3 kuonyesha jinsi mvulana mmoja alivyokua polepole inamkuza mwenzake kwa sentensi moja, na inafanya hivyo ili kumsifu mama. Kasoro hii ni ya msingi, kwa sababu inavunja kanuni ambayo filamu yenyewe imejiwekea.

Na mama huyo hakuhitaji sifa ya bandia. Patricia Arquette alipata tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike mwaka 2015 kwa nafasi hii, na katika tuzo zote ambazo filamu ilipata, hiyo ndiyo ninayoiona sahihi kuliko zote. Weka maamuzi yake kwenye karatasi ileile uliyomtengea Mason. Kurudi chuoni akiwa na watoto 2, kuolewa, kukimbia akiwa na nguo chache, kufundisha, kukosea tena katika ndoa, kuuza nyumba: kila uamuzi una gharama, na gharama zote zinaonekana usoni mwake. Siku Mason anapofungasha kwenda chuoni, mama analia na kusema kwamba alidhani maisha yangekuwa na kitu zaidi ya hapo. Binti yetu wa miaka 18 hakuguswa na onyesho hilo. Mama yake, tuliyemwalika mara ya pili, alitoka nje kabla halijaisha na akakaa barazani peke yake.

Tenganisha kumbukumbu zako na kazi ya filamu

Filamu za makuzi zina nguvu ambayo filamu za aina nyingine hazina, kwa kuwa kila mtazamaji aliwahi kuwa mtoto, na ni rahisi kuipa filamu sifa kwa machozi ambayo umekuja nayo kutoka nyumbani. Andika maonyesho yaliyokugusa, na kando ya kila moja uandike ni kitu gani ndani ya fremu kilichokugusa: uso, neno, mahali kamera iliposimama. Ukikosa cha kuandika, onyesho hilo lifute kwenye ushahidi wako, hata kama unalipenda.

Mimi nililazimika kufuta moja. Mwaka 2008, ndani ya filamu, baba anawachukua watoto kuweka mabango ya Barack Obama kwenye nyua za watu, na mara ya kwanza chumba chetu kizima kilipiga makofi. Ni rahisi kuelewa. Kogelo iko jirani yetu Siaya, na tunakumbuka sote kwamba tarehe 6 Novemba mwaka huo ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko nchini Kenya. Aliyekuwa kijana Kisumu mwaka 2008 anakumbuka pia Januari ya mwaka huohuo, maduka yaliyochomwa na wiki za woga baada ya uchaguzi, kwa hiyo furaha ya Novemba ilikuwa na uzito ambao hakuna mtu Texas, jimbo la Marekani ambako hadithi ya Mason inatokea, angeweza kuujua. Uzito huo wote tuliuleta sisi. Ndani ya fremu mna baba mchangamfu, watoto 2 na mabango. Ni onyesho jepesi la kuchekesha kidogo, na hakuna zaidi.

Upande wa pili wa kosa hilo ni kusema kwamba filamu haituhusu kwa sababu ni ya Texas. Nimelisikia mara nyingi, na naamini mizizi yake ni mirefu kuliko umbali. Watu wengi wa magharibi ya Kenya wamelelewa wakijua kwamba utoto una ukingo unaoonekana. Kwa Wabukusu wa Bungoma, kijana hutahiriwa mwezi wa Agosti katika mwaka wa shufwa. Huzunguka na njuga akiwaalika jamaa, hupakwa tope la mto alfajiri, kisha husimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho, na kuanzia hapo hakuna anayemwita mtoto. Waluo wa zamani waling'olewa meno 6 ya mbele ya chini. Aliyelelewa na kumbukumbu za namna hiyo hungojea kivuko, na katika Boyhood kivuko hakiji. Hapa mtazamaji anapaswa kuuliza swali moja la ziada: je, filamu yenyewe inajua kwamba kivuko hakipo?

Nikiitazama kwa swali hilo, naona inajua vizuri sana. Mason anapotimiza miaka 15, wazazi wa mke mpya wa baba yake wanampa Biblia yenye jina lake na bunduki ya kurithi, na baba anampa suti. Vifaa vya utu uzima vimewekwa mikononi mwake na wazee wenye upendo, naye anavipokea kwa adabu bila kujua avifanyie nini. Baadaye, karibu na mwisho wa shule, anamuuliza baba yake maana ya haya yote ni nini, na baba anakiri kwamba hajui, kwamba kila mtu anabahatisha. Jamii isiyo na ngariba wala wazee wa kumkalisha kijana chini imeonyeshwa hapa bila kuhukumiwa. Kwa maonyesho hayo mawili ninaipa filamu alama ambazo sikuipa mara ya kwanza, na nimeyatumia kumjibu yule aliyesema kwamba hakuna kilichotokea: kutotokea huko ndiko kulikoonyeshwa.

Ilinganishe na kazi moja ya karibu

Mlinganisho mmoja unatosha, na uwe kwa jambo moja. Mimi niliiweka Boyhood kando ya Supa Modo, filamu ya Kenya ya mwaka 2018 iliyoongozwa na Likarion Wainaina na iliyoonyeshwa Berlin mwaka huohuo. Inamhusu Jo, mtoto mgonjwa anayetolewa hospitalini na mama yake ili akae nyumbani siku zake za mwisho, na kijiji kizima kinaungana kumfanya aamini kwamba ana nguvu za ajabu. Ina dakika 74 tu. Nilichouliza ni hiki: nani anamlea mtoto? Katika Supa Modo ni dada, mama, majirani, mwenye kibanda cha video, kila mtu. Katika Boyhood kila nyumba imejifungia, na watu wazima huingia maishani mwa Mason na kutoka kama abiria wa matatu. Mlinganisho huu haukunionyesha filamu iliyo bora zaidi. Ulinionyesha kwamba upweke wa Mason, ambao nilikuwa nimeuchukulia kuwa tabia yake, ni hali ya mahali alipozaliwa, na kwamba Linklater aliuchora kwa makini.

Andika hukumu yako

Usiandike kwamba ni nzuri au mbaya. Andika sifa zipi zinasimama, zipi zinaanguka, na ni ushahidi gani ungekufanya ubadilishe kauli. Tuzo zitaje mwisho na kwa kiasi, maana hulinganisha filamu za mwaka mmoja tu: Boyhood iliteuliwa kwa tuzo 6 za Oscar ikapata 1, na tuzo ya filamu bora ikaenda kwa Birdman.

Hukumu yangu ya sasa inasema hivi. Boyhood inastahili sifa kwa jinsi inavyoukata muda, kwa kuuonyesha utoto bila kuupamba, na kwa picha ya mama ambayo sijaona inayoizidi katika filamu za aina hii. Haistahili kuitwa kamilifu, kwa sababu robo yake ya mwisho inamruhusu Mason kusema badala ya kutenda, na kwa sababu ya onyesho la kijana wa mkahawani. Ningebadilisha kauli hiyo iwapo mtu angenionyesha uamuzi hata mmoja wa Mason mkubwa ambao gharama yake sikuiona.

Tia tarehe kwenye karatasi na uihifadhi, kisha itazame filamu tena baada ya miaka kadhaa kabla ya kuisoma. Karatasi yangu ya kwanza ninayo bado ndani ya kitabu cha mahudhurio cha zamani. Ina mistari 22 kuhusu Mason, mistari 4 kuhusu baba yake na gari lile, na mama hakutajwa popote.